Theluthi Mbili za Ini: Historia ya Sayansi ya Seli Zinazopumzika

Kwa muda mrefu wataalamu wa tiba waliliona pumziko la seli kuwa jambo lisilohitaji maelezo. Seli inayogawanyika ilikuwa na mengi ya kuonesha: kromosomu zinajikunja, zinajipanga katikati, zinavutwa pande mbili, na kiini kimoja kinakuwa viwili. Seli iliyotulia haikuonesha lolote, na kisichoonekana chini ya darubini ni rahisi kuhesabiwa kuwa hakipo. Ukifuatilia jinsi wanasayansi walivyokuja kuelewa namna tishu zinavyojijenga upya baada ya kuumia, utaona kwamba kazi yao kubwa ilikuwa kuachana na mtazamo huo. Pumziko la seli ni hali inayolindwa, tena kwa gharama, na seli haitoki humo kwa kutii amri moja. Hutoka kwa kupata ruhusa kadhaa, moja baada ya nyingine, na ikikosa moja hubaki njiani. Maarifa hayo hayakupatikana kwa kufikiri tu. Yalitokana kwa sehemu kubwa na desturi moja ya maabara, ile ya kumkata panya theluthi mbili za ini, ambayo iliwapa watafiti kitu ambacho kidonda cha kawaida hakitoi: saa ya kuanzia kuhesabu.

Katikati ya karne ya 19 Rudolf Virchow alieneza nchini Ujerumani kanuni kwamba kila seli hutokana na seli nyingine, na mwaka 1882 Walther Flemming akachapisha kitabu kilichoeleza hatua za kugawanyika kwa kiini cha seli kwa michoro ambayo hadi leo mwanafunzi wa sekondari angeitambua. Kwa zana hizo mbili, yaani kanuni ya Virchow na picha za Flemming, wanapatholojia walianza kuhesabu seli zinazogawanyika katika kila kiungo. Mwaka 1894, kwenye kongamano la kimataifa la tiba mjini Roma, Mwitaliano Giulio Bizzozero aliyapanga matokeo hayo katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la tishu zinazojifanya upya maisha yote, kama ngozi na utando wa utumbo. La pili ni la tishu tulivu, kama ini, ambazo seli zake huacha kugawanyika mwili unapokomaa. La tatu ni la tishu za kudumu, kama neva, ambazo alidhani hazigawanyiki tena kabisa. Mpangilio huo ulikuwa na manufaa, na vitabu vya patholojia bado vinautumia. Ila uliwafanya wasomaji wake waamini kwamba utulivu ni tabia ya kuzaliwa ya tishu fulani, kama rangi ya ngozi au umbo la mfupa. Swali la kitu gani kinachoizuia seli ya ini isigawanyike leo, wakati kesho ikijeruhiwa itagawanyika, halikuwa na nafasi kwenye jedwali hilo.

Kwamba ini hurudi lilikuwa limeshajulikana. Karibu na mwaka 1890 Emil Ponfick, aliyefundisha Breslau, alikata sehemu kubwa za ini la sungura na kuona kilichobaki kikivimba na kukua. Lakini upasuaji wa wanyama wakati huo ulitofautiana kutoka mkono hadi mkono, na wengi wa wanyama walikufa kwa kuvuja damu. Mabadiliko yaliletwa na makala moja ya mwaka 1931 iliyoandikwa na George Higgins na R. M. Anderson wa taasisi ya tiba ya Mayo, jimboni Minnesota, Marekani. Ini la panya limegawanyika katika mapande yaliyoachana, kila pande na shina lake jembamba la mishipa. Higgins na Anderson walimlaza panya kwa etha, wakapasua tumbo chini kidogo ya kidari, wakayasukuma nje pande la kati na lile kubwa la kushoto, wakayafunga kwenye shina kwa uzi, wakayakata. Kwa kuwa uzi ulifungwa mahali palepale kila mara, kilichotoka kilikuwa karibu kiasi kilekile kila mara, takriban theluthi mbili, na damu haikumwagika ovyo. Mapande yaliyokatwa hayakuota tena. Yale yaliyobaki ndiyo yaliyokua, na baada ya siku 7 hadi 10 hivi uzito wa ini ulikuwa umerudi karibu na wa awali. Ufundi huu ungeweza kufundishwa kwa mwanafunzi na kurudiwa katika mji mwingine. Zaidi ya hapo, kila seli iliyobaki ilipata habari za jeraha dakika ileile. Kidonda cha kawaida huchanganya seli zilizokufa, zinazokufa na zilizo nzima, pamoja na vijidudu na uvimbe. Ini la Higgins na Anderson lilikuwa tishu nzima iliyobebeshwa kazi mara tatu zaidi kuanzia saa inayojulikana.

Kilichokosekana ni njia ya kuona kinachotokea kabla ya mgawanyiko. Njia hiyo ilitoka mbali na ini, kwenye mizizi ya mmea wa jamii ya maharagwe. Huko London, Alma Howard na Stephen Pelc waliilisha mizizi hiyo fosforasi nunurishi, na mwaka 1953 wakaonesha kwamba DNA haitengenezwi wakati kromosomu zinapoonekana bali mapema zaidi, katika kipindi maalumu ambacho kabla na baada yake kuna vipindi viwili vya ukimya. Vipindi hivyo vitatu, kwa mfuatano, vikapewa majina ya G1, S na G2, na neno mzunguko wa seli likapata maana ya ratiba. Miaka michache baadaye ikapatikana thaimidini yenye tritiamu, malighafi ya DNA iliyowekwa alama ya mionzi hafifu. Watafiti walimdunga panya dawa hiyo, wakakata tishu katika vipande vyembamba sana, wakavipaka kwenye kioo utando wa filamu ya picha, kisha wakaviweka gizani kwa wiki kadhaa. Kioo kiliposafishwa, kila kiini kilichokuwa kikitengeneza DNA kilikuwa kimejaa nukta nyeusi za fedha, na jirani yake aliyetulia alibaki safi. James Grisham alitumia mbinu hiyo kwenye ini la panya aliyefanyiwa upasuaji wa Higgins na Anderson, akachapisha matokeo mwaka 1962. Kwa nusu siku na zaidi baada ya kisu kupita, viini vilibaki karibu vyote safi. Kisha nukta zikaanza kutokea, kwanza kwenye seli zilizo karibu na mishipa inayoingiza damu, zikafika kilele karibu saa ya 24, na mgawanyiko wenyewe ukafuata saa chache baadaye.

Huo ukimya wa mwanzo ndio ushahidi wa kwanza wa hoja ninayoitetea. Kama seli ya ini ingekuwa imesimama tu katikati ya safari, ikisubiri kusukumwa, isingehitaji nusu siku ya maandalizi kabla ya kuanza kunakili DNA. Seli za haraka, kama za utando wa utumbo, hupita kutoka mgawanyiko mmoja hadi S nyingine bila kuchelewa namna hiyo. Mwaka 1963 László Lajtha, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza na kuchunguza seli za uboho zinazozaa damu, alipendekeza kwamba kuna hali nyingine nje ya ratiba ya Howard na Pelc, akaiita G0. Seli iliyo G0 haijaacha uwezo wake. Imetoka kwenye mzunguko, na kurudi kwake ni tukio lenye muda na masharti yake. Kwa pendekezo hilo, kundi la pili la Bizzozero lilibadilika maana. Utulivu haukuwa tena tabia ya tishu bali hali ambayo seli inaingia na kutoka.

Hata hivyo watafiti wengi walilielewa jambo hilo kwa namna iliyowapoteza kwa takriban miaka 30. Waliamini kwamba kama seli inatoka kwenye pumziko, basi kuna mjumbe mmoja anayeitoa, na kazi iliyobaki ni kumkamata. Utafutaji wa mjumbe huyo ulikuwa umeanza hata kabla ya Lajtha, kwa majaribio ya kijasiri. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, panya wawili waliunganishwa kwa kushonwa ubavu kwa ubavu ili washirikiane damu, kisha mmoja akakatwa ini. Nancy Bucher na wenzake wa Boston walieleza mwaka 1951 kwamba seli za ini zima la yule mwenzake nazo zilianza kugawanyika. Mwaka 1967 Bucher na Frederick Moolten waliunganisha mishipa mikubwa ya damu ya panya hai wawili na kupata jibu lilelile kwa uhakika zaidi. Damu ilibeba ujumbe, hilo halikuwa na shaka. Kuanzia 1984, Toshikazu Nakamura nchini Japani na George Michalopoulos nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walitenga protini inayochochea seli za ini kugawanyika, ambayo leo inajulikana kama HGF. Ilionekana kana kwamba mjumbe amepatikana.

Lakini HGF ilipoingizwa kwenye mwili wa panya mzima, asiyekatwa chochote, ini lake liliitikia kwa unyonge. Majaribio mawili ya mwaka 1994, moja la kundi la Nelson Fausto na jingine la kundi la Michalopoulos mwenyewe, yalionesha kwamba seli za ini hupokea kichocheo hicho vizuri pale tu zinapokuwa zimetayarishwa kwanza, ama kwa kukatwa theluthi moja ya ini, jambo ambalo peke yake haitoshi kuanzisha mgawanyiko, ama kwa kulegeza nyavu za protini zinazozizunguka. Ujumbe ulikuwa wa kweli, ila haukutosha. Hapo maana ya ile nusu siku ya ukimya ikaanza kujazwa. Kundi la Fausto lilikuwa limeshaonesha mwaka 1986 kwamba ndani ya saa ya kwanza baada ya upasuaji jeni ya c-fos inawashwa, ikifuatwa na c-myc, na nyingine baadaye, kwa mpangilio usiobadilika. Mwaka 1996 kundi la Rebecca Taub lilichukua panya wasio na jeni ya interlukini-6, protini inayotumiwa na mfumo wa kinga kutangaza hatari, na ini lao likashindwa kujijenga ipasavyo. Mwaka uliofuata ikaonekana vivyo hivyo kwa panya wasio na kipokezi kimojawapo cha TNF, protini nyingine ya mfumo wa kinga. Kwa hiyo ruhusa ya kwanza hutoka kwa seli za kinga zilizo ndani ya ini, ruhusa ya pili hutoka kwenye HGF na vichocheo vya jamii yake, na ya tatu hutolewa ndani ya seli yenyewe.

Ruhusa hiyo ya tatu ilikuwa imefuatiliwa na watu wasiojishughulisha na ini kabisa. Mwaka 1974 Arthur Pardee alizinyima seli za hamsta vitu tofauti, safari hii seramu, safari nyingine asidi moja ya amino, na akaona kwamba zote zilisimama mahali pamoja katika G1 na zikirudishiwa chakula zilichukua muda uleule kufika S. Akahitimisha kwamba kuna kizingiti kimoja: kabla yake seli inaweza kurudi nyuma, baada yake inamaliza mzunguko hata ukiinyima vichocheo. Utafiti uliofuata, ukiwamo ule uliowapa Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001, ulieleza mashine iliyo chini ya kizingiti hicho. Protini iitwayo Rb huzifunga jeni za kunakili DNA. Vichocheo vya nje vinapodumu muda wa kutosha, seli hutengeneza saiklini D, ambayo hushirikiana na vimeng'enya maalumu kuipachika Rb fosfati hadi iachie. Ona kwamba lugha yote hapa ni ya kufungua kilichofungwa. Seli iliyotulia inatumia nguvu kutengeneza Rb na vizuizi vingine vya kujishikilia. Ukiviondoa vizuizi hivyo, seli nyingi hazitulii.

Kuna pingamizi la zamani ambalo halifai kupuuzwa. Mwaka 1973 J. A. Smith na L. Martin wa London walidai kwamba hakuna haja ya kuongelea hali ya pekee ya pumziko. Walionesha kuwa muda ambao seli za aina moja huchukua kabla ya kugawanyika hutawanyika kana kwamba kila seli inacheza bahati nasibu: uwezekano wa kuondoka ukiwa mkubwa, tishu inaonekana na pilika, ukiwa mdogo sana, inaonekana imelala. Kwa mtazamo huo G0 ni jina tu la bahati ndogo. Hoja yao ina ukweli ndani yake, kwa sababu hata kwenye ini lililokatwa seli haziingii S kwa pamoja, na wakati wa kila seli unabeba nasibu isiyofutika. Lakini nasibu inaeleza lini seli itaondoka, haielezi inaondoka kutoka wapi. Mwaka 2006 Hilary Coller na wenzake walizituliza faibroblasti za binadamu kwa njia tatu tofauti na kusoma jeni zao. Kila njia iliacha alama zake, na bado kulikuwa na kundi la jeni lililobadilika kwa namna ileile katika zote, zikiwamo jeni zinazoizuia seli isijigeuze kuwa ya aina nyingine bila kurudi. Seli yenye bahati mbaya tu isingekuwa na mpango wa pamoja wa namna hiyo.

Pingamizi la pili ni kwamba ini ni kiungo cha ajabu, na sheria zake haziwezi kuhamishiwa kwingine. Basi tuangalie misuli. Mwaka 1961 Alexander Mauro, akitumia darubini ya elektroni, aliona kando ya nyuzi za misuli ya chura seli ndogo zilizobanwa chini ya utando wa nje, zisizofanya kazi yoyote iliyoonekana. Baadaye ilibainika kuwa ndizo seli shina zinazojenga msuli upya. Mwaka 2014 Joseph Rodgers na Thomas Rando wa Stanford walijeruhi mguu mmoja wa panya na kuchunguza seli hizo kwenye mguu mwingine, ambao haukuguswa. Hazikuwa zimeanza kugawanyika, lakini hazikuwa kama kabla: zilikuwa zimekua kidogo, zimeongeza utengenezaji wa nishati, na zikijeruhiwa ziliingia kwenye mzunguko haraka zaidi, kama daladala iliyowashwa injini stendi kabla ya abiria wa mwisho kupanda. Waliiita hali hiyo tahadhari, na ujumbe ulioileta ulikuwa ni HGF, ileile ya ini. Hatua ya kutayarishwa, ambayo kwenye ini ilipatikana kwa uchunguzi wa damu na kisu, ilikuwa imejirudia kwenye tishu nyingine na kwa protini ileile.

Ushahidi mwingine umetoka Afrika Mashariki. Kwenye vilima vya mawe vya Laikipia, Kenya, kuna panya wenye manyoya magumu kama miiba, wa jenasi Acomys, ambao ngozi yao hupasuka kirahisi mno mtu akiwashika. Ashley Seifert, Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walichapisha mwaka 2012 ripoti kwamba panya hao hurudisha ngozi iliyotoka, pamoja na vinyweleo na tezi zake, na huziba matundu yaliyotobolewa masikioni bila kovu. Mwaka 2016 kundi la Seifert lililinganisha masikio ya panya wa jenasi hiyo na ya panya wa kawaida wa maabara. Matokeo yake yanagusa hoja hii moja kwa moja: seli za panya wote wawili zilirudi kwenye mzunguko baada ya kutobolewa. Tofauti ilikuwa kwamba za Acomys ziliendelea hadi mwisho na kuongezeka, ilhali za panya wa kawaida zilikwama njiani na sikio likaishia kuwa na kovu. Kama kurudi kwenye mzunguko kungekuwa jambo la kuamshwa tu, panya wote wawili wangepona sawa.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: wagonjwa hawakatwi ini kwa usafi kama panya wa Higgins. Ini lao huharibiwa na virusi vya homa ya ini, pombe au mafuta, polepole, na mwisho wake ni makovu na ini lililosinyaa. Ni kweli kwamba desturi ya maabara ilichagua jeraha safi, na usafi huo umeficha mambo. Lakini hata hapo ilitoa onyo lenye manufaa. Mwaka 2012 Yuichiro Miyaoka na wenzake nchini Japani waligundua kwamba panya akikatwa asilimia 30 tu ya ini, seli zilizobaki hupanuka na kulipa deni bila kugawanyika. Akikatwa asilimia 70, hupanuka kwanza, kisha nyingi hugawanyika. Kwa hiyo mzunguko ni hatua ya akiba, si jibu la kwanza. Ini la mgonjwa wa muda mrefu limeitwa kwenye hatua hiyo ya akiba mara nyingi mno, huku kovu likibadilisha mazingira ambayo ruhusa hutolewa ndani yake. Kwa upande mwingine, jeraha safi lipo pia kwa binadamu: tangu mwaka 1989, madaktari walipofaulu mjini Brisbane kumpa mtoto sehemu ya ini la mama yake, upandikizaji wa aina hiyo umetegemea kabisa kwamba kilichobaki kwa mtoaji na kilichohamishiwa kwa mpokeaji vyote vitakua.

Na vyote hukua kisha vikasimama. Mbwa wakubwa waliopandikizwa ini la mbwa wadogo, katika utafiti wa mwaka 1987, waliliona likikua hadi kufikia kipimo cha mwili mpya. Mwaka 2007 maabara ya Duojia Pan iliwasha kwa nguvu protini iitwayo YAP kwenye ini la panya, na ini hilo likavimba hadi kufikia takriban robo ya uzito wa mwili. Kusimama nako, basi, kuna ruhusa na vizuizi vyake, na kuviharibu ni njia moja ya kuelekea saratani. Hapa ndipo historia hii inapohusu sera ya utafiti wa sasa. Maabara nyingi duniani zinatafuta dawa ya kuziamsha seli za moyo baada ya shambulio, au za uti wa mgongo baada ya ajali, na mara nyingi mafanikio hutangazwa pale seli zinapoonekana zimeanza kunakili DNA. Karibu karne moja ya ini la panya inatosha kutufundisha kuuliza zaidi ya hapo. Dawa inayodai kuamsha tishu ioneshe kwanza kwamba imezitayarisha seli, pili kwamba seli zilizovuka kizingiti zimemaliza mzunguko badala ya kukwama kama za sikio la panya wa kawaida, na tatu kwamba zimerudi kwenye pumziko kazi ilipokwisha. Utafiti unaojibu swali moja kati ya hayo matatu haujakosea, ila unarudia kosa la miaka ile ya kumtafuta mjumbe mmoja.